Mavazi ya Dobi

Kadi ilikaa upande. Sindano akaibandua, akaibandika upya, ikakaa upande mwingine. Mara ya tatu mwenzake wa kona ya jirani akamnyang'anya, akaisoma kwa sauti kabla ya kuibandika ukutani.

"Mavazi sita. Kwa kumbukumbu ya marehemu mama yangu, dobi wa hospitali."

Akapiga mluzi. "Wewe zawadi ya kwanza unayo tayari. Mimi nimetoa wazo langu kwenye kutu ya mabati. Nani atalilia kutu?"

Sindano akacheka kicheko cha mdomoni tu. Jina hilo walimpachika mwaka wa kwanza, kwa wembamba wake na kwa maneno yake machache yenye ncha. Leo ncha ilikuwa imevunjika.

Wahitimu wa ubunifu wa mavazi walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na kona yake ya maonyesho ukumbini, tayari kuwaeleza wageni wazo lake lilitoka wapi. Kulikuwa na aliyeanzia kwenye nyavu za goli, na aliyeanzia kwenye maganda ya vitunguu. Sindano alikuwa na koti refu jeupe lenye mikunjo ya shuka lililotoka kupigwa pasi, sketi iliyokuwa aproni ya mpira, gauni la kijani cha chumba cha upasuaji, kijani kilichofifia kwa kufuliwa mara elfu. Kazi ilikuwa nzuri, hilo hakulitilia shaka. Kilichomsumbua ni ile kadi.

Ufuaji wa hospitali aliujua kwa macho yake. Utotoni, shule zikifungwa, alikuwa akikaa juu ya marobota ya mashuka akimtazama mama yake anavyozama hadi mabegani kwenye mashine kubwa, kisha anaibuka uso umelowa mvuke, anamkonyeza. Siku hizo alimwonea fahari. Fahari hiyo ilimponyoka wapi, hakukumbuka. Alipoingia chuoni, mama aliomba siku moja aje aone mwanawe anasomea wapi.

"Wageni hawaruhusiwi, mama."

"Basi, wakiruhusu utaniambia."

Hakumwambia. Siku za wazazi zilipita tatu, moja baada ya nyingine, na kila mara Sindano aliona soni, lakini soni yenyewe hakuifanyia kitu.

Mwalimu wa ubunifu akafika na kundi la wageni. "Huyu alilelewa na mama peke yake," akanong'ona, kwa mnong'ono uliosikika mpaka mlangoni. "Na ndiye huyo aliyeondoka."

Mgeni mmoja, bibi mwenye duka la nguo, akavua miwani na kujifuta macho. "Alifariki mwaka gani, binti?"

"Ni… siku kidogo sasa."

"Na picha yake mbona hukuiweka?"

"Sikupata nzuri."

"Pole sana, mwanangu. Mungu akutie nguvu."

"Asante, mama. Asante kwa kuja."

Tangu asubuhi alikuwa akipewa pole, na kila pole ilimchoma kama pasi. Alitamani wageni waishe, taa zizimwe, aichane ile kadi vipande vipande.

Hapo ndipo akaingia mwanamke mmoja aliyevaa sare ya buluu ya ufuaji wa hospitali. Mikono ya sare ilikunjwa juu ya viwiko, na vidole vyake vilikuwa vimesinyaa kwa maji na sabuni. Sindano alimwona kabla hajaonwa. Akautafuta mlango wa nyuma kwa macho, lakini mwalimu alikuwa amesimama katikati ya njia.

Mwanamke akaenda moja kwa moja kwenye kadi. Akaisoma taratibu, midomo ikitembea. Akarudia kuisoma. Kisha akaligusa koti jeupe kwa ncha ya kidole, kama anapima joto la mtoto.

"Karibu, mama," mwalimu akasema. "Naona umetoka hukohuko kazini!"

"Nimeomba ruhusa ya saa moja. Wenzangu waliona tangazo kwenye simu, wakaniambia, kimbia ukaone, madobi tumeshonewa mavazi."

"Kumbe! Basi ulimfahamu marehemu?"

Mwanamke akamtazama Sindano. Sindano akatazama sakafu, akisubiri kuumbuliwa mbele ya watu wote. Neno moja tu la huyu lingetosha.

"Nilimfahamu," mwanamke akasema. "Zamu moja, miaka yote."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Wa kawaida tu. Mbishi kidogo. Na sifa za mwanawe alituimbia asubuhi, akatuimbia mchana, mpaka tukamwambia jamani, tupumzishe."

Bibi wa duka akacheka huku akijifuta macho tena. Mwalimu akasogea karibu zaidi. "Na aliumwa nini, masikini?"

"Hakuumwa. Ilikuwa ghafla. Hata mwenyewe hakuwa na habari."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa huzuni. Mwanamke akashusha mikono ya sare yake, akafunga vifungo, kisha akamnyooshea Sindano mkono. Ulikuwa wa moto na mgumu.

"Umeshona vizuri," akasema. "Pole sana kwa msiba, mwanangu."

Sindano akafungua mdomo, na neno lilikuwa palepale ulimini.

"Asante, mama. Asante kwa kuja," akasema, kwa adabu ileile aliyowajibu wageni wengine wote, akauachia mkono wa mama yake mzazi.