Bosko Yuko Getini

Jicho la kushoto lilikataa kukaa. Nzisa alilisukuma kwa kidole gumba, likateleza, likamtazama upande kama shemasi anayesinzia kanisani.

"Ongeza udongo," akasema Mzee Bartholomew. "Jicho la kioo linataka kitanda. Na usiharakishe, wewe bado mwanafunzi."

Mwanafunzi kweli. Tangu amzike mumewe, mwaka ule wa mvua za El Nino, kila Jumamosi Nzisa alikuwa akienda kwa huyu mzee, jirani yake hapa Katelembo, ambaye ujana wake wote aliumalizia Nairobi akijaza ngozi za ndege na wanyama wa makumbusho. Wanawake wa kanisa walimcheka. Aiya, wenzako wanafuga kuku, wewe unawashona! Kuku wake wa kwanza alitoka na shingo ya twiga. Njiwa aliyefuata angalau alifanana na njiwa. Ilikuwa ni kazi ya kupitisha upweke tu, basi.

Lakini leo mezani hapakuwa na njiwa. Alikuwa mbwa wake mwenyewe.

Bosko ndiye aliyekuwa ukuta wake. Mumewe hakumwachia mtoto, alimwachia shamba. Siku ya matanga shemeji yake, Kaloki, alisimama mbele ya watu akasema bila haya kwamba mwanamke asiye na mtoto hawezi kukalia ardhi ya ndugu yao. Na mwaka huu akaapa: mvua ikianza awe ameondoka, kwa miguu au kwa jeneza. Baadaye kweli watu walikuja usiku wakajaribu geti. Bosko aliwararua, wakakimbia wakaacha kiatu. Kwa sababu ya mbwa huyo Nzisa aliweza kulala.

Halafu asubuhi moja akamkuta kando ya geti, povu mdomoni, miguu imekakamaa.

Hakupiga nduru. Nduru ingewaambia kwamba ukuta umeanguka. Alimfunika kwa gunia, akamtia kwenye wilbaro, akamsukuma hadi kwa Bartholomew. Alilia njia nzima mpaka akawa haoni anakokwenda.

"Mzee, nataka arudi getini."

"Na watu wakiuliza?"

"Nitasema nimemfungia nyuma ya nyumba. Nani ana moyo wa kwenda kuangalia?"

Mzee alikuna kichwa, akafunga mlango, akatoa visu.

Ngozi ikalazwa kwenye chumvi. Nzisa alijifunza kuikwangua mafuta bila kuitoboa, na kuviringisha nyasi kavu juu ya waya mpaka zikawa na mbavu na mabega. Mkono ukichoka alitoka nje kupunga upepo. Huko vilima vya Iveti mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na kila alipoyaona alirudi haraka kazini.

Upande wa mumewe alibakiwa na mtu mmoja tu, wifi yake Kasyoka, dada yake Kaloki. Huyo hakumtupa. Jioni alikuja na bakuli la muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, akaketi mlangoni akisokota uzi wa kiondo juu ya paja, akimlaani kaka yake kwa roho ya uchoyo.

"Na Bosko, hajambo?" aliuliza. "Siku hizi simsikii."

"Nimemfungia nyuma. Amekuwa mkali sana."

"Afadhali yuko," akasema Kasyoka, akaendelea kusokota. "Mwanamke peke yake hivi! Mimi ningekufa na woga."

Siku ya kusafisha fuvu, kibano cha Nzisa kilinasa kitu kati ya magego. Alivuta polepole. Ukatoka uzi wa katani, mwembamba, nyuzi mbili zimesokotwa pamoja.

"Nyama yenye sumu ilikuwa imefungwa kwa uzi huu," akasema Bartholomew. "Ameimeza na kifungo chake."

Katani. Nzisa alijua kila Jumatatu Kaloki alikuwa soko la Machakos, akiuza kamba za katani. Aliutia uzi ndani ya kopo la sindano, akakibana kifuniko kwa hasira.

Jicho lilipokubali kukaa, walimrudisha Bosko kabla hakujapambazuka, wakamlaza ndani ya kibanda chake karibu na geti, kichwa nje, jino moja likionekana. Mishono ilikuwa tumboni, imelaliwa. Kwa kweli hata Nzisa mwenyewe alipopita aliogopa kidogo.

Kaloki alifika siku hiyohiyo. Mkono wake ulikuwa karibu kugusa geti alipoona kile kichwa. Akaruka nyuma mpaka barabarani.

"Nzisa! Shika hiyo mbwa!"

"Ingia tu, shemeji."

"Niingie niumwe tena? Mvua inakuja, wewe mwanamke. Hiyo mbwa haitaishi milele!" Akaenda zake akigeuka nyuma kila mara. Nzisa aliingia ndani akacheka mpaka akakaa chini.

Jumapili baada ya ibada akaja Kasyoka. Alisimama nje ya geti, akakitazama kibanda kwa muda.

"Kumbe amerudi mahali pake."

"Amerudi."

"Ai, nimefurahi. Leo sitakaa, nina wageni. Lakini huyu mlinzi wetu nimemletea kitu kidogo." Akaingiza mkono kwenye kiondo, akafunua gazeti, akatoa kipande cha maini kilichokunjwa na kufungwa vizuri kwa uzi. Uzi mwembamba wa katani, nyuzi mbili zimesokotwa pamoja.

Akakirusha juu ya geti. Kikaanguka katikati ya miguu ya mbele ya Bosko.

Wakasimama, mmoja ndani, mmoja nje. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga mabati.

"Mbona hali?" akauliza Kasyoka.

"Ameshiba, wifi," akasema Nzisa. "Bado ameshiba ile ya kwanza."