Vidole vya Mzee Machano

Wanafunzi wa chuo cha macho walilalamika miaka mitatu, na wakubwa wakayafungia malalamiko yao kabatini. Walisema wanafundishwa kupima kwa ubao wa herufi, na nusu ya mji huu haikusoma. Asiyejua herufi anaandikwa haoni. Mke wa bawabu wa chuo, Mzee Machano, aliandikwa hivyo akaachishwa kushona kiwandani. Mpaka anakufa alikuwa akitunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Sasa ilikuwa zamu ya mzee mwenyewe kupimwa. Akishindwa, kazi ya lango imekwenda. Lakini hatimaye kozi ilikuwa imebadilishwa, na asubuhi hiyo ukutani palitundikwa ubao mwingine, wa alama zisizohitaji kusomwa.

"Babu, leo husomi kitu," alisema Raya, mwanafunzi aliyeongoza malalamiko. "Hivi ni kama vitana vyenye meno matatu. Nionyeshe kwa vidole meno yameelekea wapi."

"Mwenye upara unampa vitana?"

Darasa likacheka. Mzee akainua vidole vitatu: juu, kushoto, chini, kulia. Vitana vilizidi kuwa vidogo hadi wanafunzi wa nyuma wakawa wanakunja macho, na yeye hakukosea hata kimoja.

"Lete kingine, mjukuu wangu."

"Vimekwisha, babu."

Mkuu wa chuo alikuwa amesimama mlangoni na fomu ya mzee ya kupimwa. Mzee Machano hakushusha mkono. Aliuelekeza kwake, vidole vitatu vimenyooka, akamngoja aandike.