Kiti Bila Mikono

Barua ya mwimbaji ilikuwa na maneno manane tu, na manne kati yake yalihusu kiti.

“Nitafika Jumamosi kwa boti. Mutengeneze kiti bila mikono.”

Faustin, kinyozi, aliisoma kwa sauti mara tatu katika baa ya Mama Angèle, mtaani Mangobo.

“Kiti bila mikono,” alisema. “Donc ni mwanamuke wa mwili. Viti vya hapa vitamubana.”

“Wewe hata sura yake haujaiona,” Hubert akamjibu. Hubert alifundisha hesabu, na alipenda ushahidi.

Ni kweli, hakuna aliyeiona. Kwenye jalada la santuri ulichorwa mtumbwi tu, na chini yake jina: Lotika Basele, Yahuma. Jina la ubatizo halikuwepo. Miaka hiyo serikali ilikuwa imeyafuta yote kwenye karatasi, ingawa baani kila mtu aliendelea kuitwa alivyobatizwa. Lotika hakuwa na orkestra, wala tajiri wa kumlipia studio. Alitunga peke yake, akapiga gitaa peke yake, akatoa santuri mia mbili, na moja ikafika kwa Angèle ndani ya gunia la mchele.

Ilikuwa santuri kubwa ya kwanza kuwekwa kwenye gramafoni ya baa, ambayo siku zote ilicheza zile ndogo. Kijiti chake cha kubadilishia mwendo kilikatika zamani, kikabaki kwenye mwendo wa hizo ndogo, na hakuna aliyekikumbuka.

“Sikia vidole!” alisema Faustin. “Gitaa inakimbia kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Na ile sauti! Mutoto wa miaka kumi na nane, si zaidi.”

“Ishirini,” Hubert akasahihisha. “Lakini nyimbo zake ni fupi mno. Haujamaliza kuzunguka mara moja katika dansi, imeisha. Bila orkestra hatafika mbali.”

“Orkestra ingemuharibu! Mimi nitamuoa kabla Kinshasa imusikie.”

“Utamuoa na meno gani?” Angèle aliuliza kutoka nyuma ya chupa zake, na baa nzima ikapiga meza.

Léon hakucheka. Alikuwa karani wa komuni, serikali ya mtaa, na ndiye aliyepiga chapa barua ya mwaliko kwa mashine ya ofisini, lakini si kwa ajili ya harusi ya Faustin. Mke wake, Marthe, alikufa mwanzoni mwa mvua zilizopita. Tangu hapo Léon alikuja kila jioni, akaagiza limonadi moja, akangoja wimbo wa nne.

“Mvua inakuja, vaa koti,” sauti iliimba, nyembamba, haraka haraka, ikikemea na kucheka kwa pamoja. Hivyo hasa, na kwa sauti hiyo hiyo, ndivyo Marthe alivyosema mlangoni kwa miaka kumi na sita, akiwa amekwisha kumshikia koti lenyewe.

Léon alitaka jambo moja: kuisikia sauti hiyo ikitoka katika kinywa kilicho hai. Mara moja tu. Hakumwambia mtu.

Jumamosi, boti ya Isangi ilishusha samaki waliokaushwa, mbuzi, na mzee mwenye ndevu nyeupe aliyebeba gitaa lililofungwa ndani ya kitenge. Faustin alikuwa akingoja ufukoni, amevaa abakosti, suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi, na dumu la pombe ya mchikichi mkononi.

“Jambo, papa! Binti yako iko wapi?”

“Niko nao watatu,” mzee alijibu kwa sauti nene, iliyotoka tumboni. “Unataka nani?”

“Ule anayeimba.”

“Wote wanaimba. Mubaya.”

Faustin akamkonyeza Hubert, aliyesimama kando yake. Mzee alikuwa anajikaza tu, asionekane ana haraka ya kumtoa mtoto. Binti angefuata na boti ya pili. Baba ametangulia kuona watu wenyewe ni wa namna gani.

Baani, Angèle alimpa mgeni kiti cha kulala, kile cha wakubwa. Mzee alikitazama kile kingine kisicho na mikono, kilichotandikwa kitambaa kipya, akaketi kwa adabu alipoelekezwa, gitaa likigonga mikono ya kiti. Faustin akapiga goti na dumu lake. Hubert akaanza maneno ya posa, akiyapanga kwa hoja.

“Ngoja kwanza,” mzee akamkatiza. “Mulituma barua ya muziki, ao ya ndoa?”

“Bon, papa, ni kitu kimoja,” alisema Faustin. “Mama Angèle, weka disque!”

Angèle akaweka wimbo wa nne. Léon akafumba macho.

Mzee akatega sikio. Vidole vyake vilianza kulifuata gitaa la santuri juu ya goti, vikashindwa, vikaanza tena, vikashindwa.

“Huyu ni nani?” akauliza.

Watu wakacheka hadi machozi. Mkwe gani huyu mcheshi!

Mzee hakucheka. Aliinuka, akaenda kwenye gramafoni, akaweka kidole ukingoni mwa santuri, taratibu, kama anayemshika mtoto aliyekuwa anakimbia. Gitaa likapunguza mwendo. Sauti ikashuka, ikashuka tena, ikaota ndevu. “Mvua inakuja, vaa koti,” iliimba, nene, kutoka tumboni, na mzee akaimba pamoja nayo, sauti hizo mbili zisitofautiane hata kidogo.

Dumu la Faustin lilianguka, likabingirika hadi chini ya kiti bila mikono. Angèle alishika ukuta kwa kicheko.

Léon akasimama. Kicheko kikakatika, maana hapo baani hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno lolote zaidi ya limonadi.

“Papa Lotika,” alisema, “nakuomba. Ondoa kidole.”