Mtihani wa Gari Lisilopumua

Waliokuwepo katika karakana ya malori, Kindu, Jumamosi hiyo ya mwaka 1989 walikuwa watano. Mukuna, mwalimu wa ufundi na msimamizi wa mtihani. Masudi, karani wa kampuni, mwenye kalamu na daftari. Matata, mlinzi wa lango. Okito na Kasanda, wagombea wawili wa cheo cha mkuu wa karakana. Mkurugenzi alikuwa Kinshasa. Uamuzi alikuwa amemwachia Mukuna.

Katikati ya uwanja lilisimama gari jeupe lililotengenezwa Ulaya. Okito hakuwahi kuliona.

"Mtihani ni huu," Mukuna akasema. "Gari linawaka, lakini linashindwa kupanda mwinuko wa bandari. Tafuta ugonjwa, kisha uutibu. Okito ataanza."

Okito alivua shati. Tangu mkuu wa zamani alipofariki, yeye ndiye aliyeiendesha karakana, miaka miwili mizima, bila cheo. Cheo kilikuja pamoja na nyumba ya matofali. Yeye, mkewe Aziza na watoto wanne waliishi katika chumba kimoja kilichovuja. Juzi tu, Alhamisi, Mukuna, aliyemfundisha kazi na kusimama upande wake siku ya ndoa, alipita nyumbani akamwambia Aziza aanze kufunga vyombo.

Alikagua plagi: safi. Chujio la hewa: safi. Esansi, yaani petroli, ilifika vizuri kutoka kwenye tangi. Akaliwasha gari, akazunguka nyuma, akachuchumaa na kuweka kiganja mbele ya bomba la moshi.

"Unalipima homa, baba?" Matata akacheka. "Uliulize na kama lilikula asubuhi."

"Homa iko," Okito akajibu. "Pumzi njo hakuna."

Aliiacha injini ikizunguka. Baada ya robo saa, kisanduku cha chuma kilichofungwa chini ya sakafu, kwenye njia ya moshi, kilikuwa kimeiva na kuwa chekundu. Alizima, akangoja kipoe, akalegeza bomba mbele ya kisanduku hicho na kuliwasha gari tena. Injini ikanguruma hata kunguru wakaruka kutoka kwenye bati. Nguvu zilikuwepo, zilikosa pa kutokea.

Akakishusha kisanduku, akakielekeza kwenye jua. Ndani mlikuwa na kitu kama sega la nyuki, kigumu kama chungu. Mwanga haukupita. Vitundu vyote vilikuwa vimeziba.

"Kazi yake ni kusafisha moshi, mwalimu. Lakini soma hapa." Alionyesha maandishi madogo ya Kifaransa kwenye mdomo wa tangi: esansi isiyo na madini ya risasi, na hiyo peke yake. "Esansi yetu yote iko na risasi. Inakiua polepole."

Mukuna aliinama, akasoma, akarudia kusoma.

"Kingine kitatoka wapi?"

"Ulaya. Na kikifika, esansi yetu itakiua tena. Nitaweka bomba tupu."

Kasanda, aliyekuwa ameketi kivulini katika suti ya abakosti iliyopigwa pasi, aliuliza swali moja tu: je, joto lile halikuunguza zulia la ndani? Okito alifungua mlango, akapapasa, akajibu kwa heshima kwamba zulia lilikuwa zima. Moyoni alitulia. Fundi gani huuliza habari za zulia?

Alikata kipande cha bomba la lori bovu, akakichomelea vikuku viwili vya kufungia, akakifunga mahali pa kisanduku. Saa nane mchana walipanda mwinuko wa bandari, Okito kwenye usukani, Mukuna kando yake. Gari lilipanda kana kwamba njia ilikuwa tambarare.

"Litafika Kalima na mizigo?" Mukuna akauliza.

"Hata kesho, mwalimu."

Waliporudi, Okito alishuka akifuta mikono. Aliona kwamba ukurasa wa Masudi ulikuwa bado mweupe.

"Na citoyen Kasanda," akauliza, "yeye atapimwa kwa gari gani?"

Mukuna hakumtazama. Alifunga kifungo cha juu cha abakosti yake, akawaashiria wote wasogee.

"Wananchi," akatangaza, "tangu Jumatatu iliyopita, mkuu wa karakana hii ni citoyen Kasanda. Citoyen Okito, mpe ufunguo wa gari lake."