Jibu Kamili

Mwanamume wa suti ya kijivu alisimama mlangoni akipitisha macho juu ya nyuso za wanafunzi, na mwalimu Trizah Nerima akaweka chaki chini.

"Mwalimu," Mulama akamnong'oneza kutoka kiti cha mbele, "huyo boss alikuwa anauliza pale nje kama hapa ndio watu wazima wanasomea English."

Basi ndiye. Chuo kilikuwa kimemwandikia kwamba mkaguzi angefika wiki hii, siku yoyote, saa yoyote.

"Karibu, sir, tumekungoja sana," Trizah akasema, akimfutia kiti vumbi kwa leso yake mwenyewe. "Hili ndilo darasa langu."

Mgeni akasita kidogo. Kisha akatabasamu, akaenda kuketi nyuma kabisa. Jina hakutaja, wala hakuulizwa. Huku kwetu mkaguzi haombwi kitambulisho. Mkaguzi huvutiwa kiti na kuagiziwa soda, na mwalimu wa mazoezi anayetaka kujua katumwa na nani, huyo amechoka na kazi kabla hajaipata.

Trizah hakuwa amechoka. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na mitihani yote ya diploma ya uzamili ya kufundisha Kiingereza alikuwa ameipita. Lilibaki somo moja la kukaguliwa. Bila hilo hakuna leseni, na bila leseni ile nafasi aliyowekewa Busia mjini ingekwenda kwa mwingine Ijumaa. Mwaka jana alianguka hapo hapo. Mkaguzi wa wakati huo aliandika mstari mmoja tu: Mwalimu anaacha makosa yapite. Trizah aliujua mstari huo kuliko Baba Yetu.

Safari hii alijipanga. Jana alasiri darasa zima lilifanya majaribio ya somo hili hili: unaishi wapi, unaishi na nani. Kila mwalimu wa mazoezi hufanya hivyo, kila mkaguzi anajua, na hakuna anayesema. Madereva, wauza mitumba, mama wa mandazi, wote walikuja na majibu yao kichwani.

Akamkabidhi mgeni faili lenye mpango wa somo. Mgeni hakulifungua. Aliliweka magotini akaendelea kutazama watu. Wakaguzi wazoefu ndivyo walivyo, Trizah akajiambia, na akazidi kumwogopa.

Nje, foleni ya malori ya kuvuka mpaka ilinguruma hadi madirisha ya ukumbi wa kanisa yakatetemeka. Ilibidi kila mtu apaze sauti. Mulama akajibu vizuri. Mzee Ogutu, dereva, akajibu vizuri zaidi na kujipigia makofi. Kisha ikafika zamu ya Asio.

Asio ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Alivuka kutoka upande wa Uganda mwezi wa tatu, usiku, mtoto mgongoni, bila mzigo wowote, na jana alijibu bila kukwama. Leo alikuwa ameinamisha kichwa tangu mgeni aingie, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi.

"Asio, where do you live?"

Asio akavuta kitambaa chini zaidi.

"Mwalimu, naomba kutoka kidogo."

"English, Asio. Na leo hakuna kutoka."

Mgeni akaegemea mbele.

"I live in Kampala," Asio akasema, akiitazama sakafu. "I live alone."

Watu wakacheka. Trizah hakucheka. Kosa hilo hapo, limekaa katikati ya darasa, na mtu wa nyuma anangoja kuona kama litapita.

"No, Asio," akasema kwa upole, kama alivyofundishwa. "Jana ulijibu vizuri. Mbona leo unaniangusha?" Akageuka ubaoni, akaliandika lile jibu la jana kwa herufi kubwa. "Haya, tumsaidie. Wote pamoja!"

Darasa likapaza sauti kwa Kiingereza kizuri ajabu: Asio anaishi Malaba, nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi, geti la bluu. Anaishi na binti yake.

"Again!"

Wakarudia. Asio alikuwa akimwangalia mwalimu wake sasa, mdomo wazi, akitikisa kichwa. Trizah alidhani ni aibu, akamwonea huruma, akawaambia warudie mara ya tatu.

Mgeni akainuka kabla hawajamaliza.

"Inatosha, mwalimu," akasema, akiliacha faili kitini. "Nimepata nilichotaka."

Alikaa kwa muda usiozidi robo saa. Wote chuoni walijua maana yake: mkaguzi akiondoka mapema, umepita. Trizah alimsikia akiita bodaboda, pikipiki ikanguruma na kuondoka, na machozi ya furaha yakamjaa machoni. Papo hapo Asio akaruka kutoka kwenye kiti chake, akakipindua, akatoka mbio, daftari na kiatu kimoja vikabaki sakafuni.

"Huyo tumbo lilikuwa limembana kweli," Mulama akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Trizah naye akacheka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu mwaka jana.

Soda aliyokuwa ameagiziwa mgeni ilikuwa haijafunguliwa. Akampa Mzee Ogutu, akawaambia wapumzike.

Walikuwa bado wanapumzika bodaboda nyingine iliposimama mlangoni. Mama mmoja wa makamo akateremka, vumbi jekundu hadi kwenye nywele, beji ya chuo ikining'inia shingoni.

"Pole sana, mwalimu," akasema akihema. "Malori yametufungia barabara tangu saa sita. Mimi ndiye mkaguzi wako." Akachukua rejista mezani, akapitisha kidole juu ya majina, kisha akainua macho kuwatazama wanafunzi. "Umeandika watu kumi na wawili hapa. Mbona naona kumi na mmoja?"