Kitochi cha Mposaji

Siku binti yake alipoposwa, Bi Mwanakheri alivimba kichwa, na alikuwa na haki. Sheria ilishakataza kumhoji mtu mambo yake ya siri; iliyohojiwa ni simu yake, nayo, kwa hesabu maalumu, ilithibitisha ukweli bila kufichua jingine lolote. Simu za bei mbaya tu ndizo zilizoiweza hesabu hiyo, mpaka yeye, fundi simu wa Ngamiani, alipoibana ikaenea kwenye kitochi, simu ndogo ya bei rahisi.

"Hana mke?" shangazi wa binti akauliza. "Hana udugu nasi?"

Kitochi cha mposaji kikawaka kijani cha ndiyo mara mbili. Vigelegele!

Wageni wakiaga, Bi Mwanakheri akamshika mkono mkwewe. "Mwanangu, mama yako anaitwa nani?"

Kijana akainamisha kichwa kwa adabu. "Kiulize kitochi, mama. Ila kinajua ndiyo na siyo tu, kama ulivyokifunza mwenyewe."