Damu Imekataa Kushika

Mara tatu Shee aliitoa barua mfukoni, mara tatu akairudisha. Asubuhi nzima hakutulia. Alishusha jora la kitambaa, akalipandisha tena rafuni. Alifungua duka, akalifunga kabla mteja wa kwanza hajaingia. Kichwa kilimgonga. Akameza vidonge vyake viwili vya aspirini kwa chai ya mkandaa isiyo na maziwa, kama alivyofanya kila alipokuwa na jambo zito mbele yake, akashika njia kwa miguu kutoka Ngara hadi hospitalini. Basi lilimpita, hakulisimamisha. Kukaa kwenye kiti asingeweza.

Binti yake Saleha, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa amelazwa wiki ya tatu sasa. Fizi zilitoka damu, pua ilitoka damu, na miguu ilijaa vidoa vyekundu kama aliyeng'atwa na siafu. Daktari alieleza kwamba damu yake imepungukiwa na vichembe vidogo mno, vile ambavyo mtu akijikata hukimbilia kwenye kidonda na kushikana mpaka damu ikome. Dawa ilikuwa ikifanya kazi, lakini polepole. Kwa muda huo ilibidi aazimwe vichembe vya watu wengine wa kundi lake la damu.

Shee alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Sindano aliiogopa kuliko simba, lakini alinyoosha. Kesho yake nesi Syokau alimkuta koridoni, akatikisa kichwa.

"Pole, Baba Saleha. Damu yako imekataa kushika. Msichana bado anatoka damu tu."

"Imekataa vipi, Sista? Mimi si babake?"

"Sijui, mzee. Wacha tujaribu mtu mwingine."

Huyo mtu mwingine alikuwa Zachariah, fundi cherehani wa Dagoretti, aliyekodi baraza ya duka la Shee mwaka wa kumi na tano sasa. Zachariah alilala kitandani kidogo, akatolewa damu, akarudi kwenye cherehani yake. Kabla ya magharibi damu ya Saleha ilikuwa imekoma.

"Ile ya fundi imeshika mara moja!" Syokau alitangaza, wodi nzima ikisikia. Mabruka, mkewe Shee, alilia kwa furaha, akamshika fundi mkono kwa mikono yake miwili.

Shee aliuona ule mkono, na tangu siku hiyo usingizi ukamruka. Yangu imekataa. Ya fundi imeshika. Akakumbuka chai ambayo Mabruka alimpelekea fundi barazani kila saa nne, miaka yote hiyo. Akakumbuka kuwa Saleha ana mwanya, na Zachariah ana mwanya. Kwamba mama yake Shee mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa na mwanya mpana kuliko wa hao wawili, hilo halikumjia kabisa.

Angemuuliza Mabruka, labda yangeishia hapo. Lakini Shee hakuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa mtu wa kununa. Alinuna wiki mbili, kisha akaandika mistari minne. Nimekuacha kwa talaka tatu. Aliandika tatu, si moja, ili hata akijuta asiwe na njia ya kumrejea.

Langoni mwa hospitali alimkuta Idarus, kaka yake Mabruka, mwalimu wa madrasa.

"Shemeji, hii mpe dadako. Mkononi mwake."

"Si yuko hapo uani, anaanua nguo za mtoto? Mbona usimpe mwenyewe?"

"Mpe wewe. Mimi nimeitwa kutoa damu. Mtoto ameanza tena tangu alfajiri, na fundi yuko mazishini kwao, hapatikani."

Idarus alimtazama kwa huruma. "Wallahi, wewe ni baba," akasema, akaondoka na barua.

Neno hilo lilimchoma Shee. Alipanda ngazi mbili mbili, akashuka, akapanda tena. Wake au si wake, yeye ndiye aliyemfundisha kutembea. Alimpenda Saleha, na hilo hakuweza kuliandikia barua. Aliingia chumba cha kutolea damu, akakunja mkono wa kanzu.

Syokau alikuja na karatasi mpya.

"Ngoja kwanza, mzee. Siku hizi daktari ametuletea maswali. Umekunywa dawa yoyote wiki hii? Hata ya kichwa?"

"Aspirini tu. Mbili, asubuhi."

"Na ile siku ya kwanza?"

"Siku ile pia. Mimi bila aspirini, Sista, siwezi hata kuiona hiyo sindano."

Syokau aliiweka sindano chini.

"Ai, mzee! Kumbe ni hiyo! Aspirini inalegeza vile vichembe, haviwezi kushikana, hata wiki nzima. Hata ungekuwa umemzaa mara kumi, hiyo damu haingeshika."

Shee aligeuka dirishani. Kule uani Mabruka alikuwa ameipokea barua. Mikono yake ilikuwa imejaa nguo za mtoto, naye alikuwa akicheka. Akamrudishia Idarus karatasi, amsomee.